Uzito wa Mzee Sunil

Justin alikuwa na mabega ambayo watu huyazungumzia wakiyaona. Kule Hayes, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege alikofanya kazi, boksi likiwashinda wenzake lilikuwa linamsubiri yeye. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mtu wa maneno machache, amevuka arobaini, na mambo ya sanaa hayakuwahi kumpitia kichwani. Kwa hiyo siku Gurpreet, dada wa zamu yake, alipomwambia kwamba darasa lake la kuchora la Jumamosi linatafuta mwanamume wa kusimama mbele ya wachoraji, alidhani anataniwa.

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu. Bila kutikisika."

"Na nguo?"

Gurpreet akacheka, akageuza uso pembeni.

Nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Mkewe, Generosa, alikuwa ametoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bado hajavua hata viatu.

"Yaani unatoka hapa Jumamosi asubuhi, unapanda treni, unaenda kuvuliwa nguo na Wazungu?"

"Wanafunga kitambaa kiunoni, Mama Nancy."

"Kitambaa!"

Nancy, binti yao, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema "Oh my God, Dad," akapanda ngazi kwenda kujifungia chumbani. Lakini Generosa hakuwa mtu wa kununa muda mrefu, na Justin naye alikuwa amechoka kuishi kati ya ghala na kitanda. Akaenda.

Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa huko Willesden, wenye madirisha marefu na hita moja iliyokuwa ikinguruma pembeni. Mwalimu aliitwa Thérèse, mwanamke mfupi aliyekulia Brussels, mwenye vidole vilivyoingia rangi ya chaki nyekundu mpaka kwenye kucha. Alikuwa akifundisha kuchora watu kwa namna ya mabwana wa miaka mia nne iliyopita, wale wa enzi ya Baroko. Hao, aliwaambia wanafunzi, hawakurukia turubai na rangi. Kabla ya picha kubwa ya miungu na mashujaa wa Wayunani na Warumi, walimwita mtu wa kawaida, mwenye kazi yake ya mikono, wakamsimamisha mwangani na kumchora kwa chaki kwenye karatasi, tena na tena, mpaka waujue mwili wake. Walimchora uchi hata kama kwenye picha atavaa joho, kwa sababu nguo isiyo na mwili chini yake huanguka kama shuka kwenye kamba. Michoro hiyo ilikuwa ya matayarisho tu, haikukusudiwa kutundikwa ukutani. Lakini Thérèse aliipenda kuliko picha zenyewe. "Humo," alisema, "bado yumo yule mtu."

Justin aliyasikia hayo akiwa amesimama juu ya jukwaa, mkono mmoja umeegemea mpini wa ufagio. Ufagio ule ulikuwa rungu, na yeye alikuwa Herkule. Wiki iliyofuata alikuwa Atlasi anayebeba mbingu, na mbingu ilikuwa mpira mkubwa wa mazoezi wa rangi ya zambarau. Alijifunza kwamba kusimama ni kazi ngumu. Ganzi huanza kwenye nyayo, inapanda, na goti usilolitumia huanza kulalamika kuliko unalolitumia. Kilichomshangaza ni kwamba alipenda. Ghalani alikuwa mikono tu. Hapa watu wazima walikunja uso wakihangaika kupata mstari wa shingo yake, na ukumbi mzima ulikuwa kimya isipokuwa mkwaruzo wa chaki.

Majani yalipoanza kupukutika, Thérèse alitangaza somo jipya, litakalowachukua majira yote ya baridi. Mji wa Troya unaungua, na Enea anakimbia akiwa amembeba mgongoni baba yake mzee, Ankise, asiyeweza kutembea. Wachoraji wengi wa zamani walikichora kisa hicho, kwa sababu kiliwapa miili miwili katika mmoja: kijana aliyekaza misuli, na mzee aliyelegea juu yake. "Enea tunaye," alisema, akimwelekea Justin. "Na leo nimewaletea Ankise."

Nyuma ya pazia, kwenye kona ya kubadilishia nguo, Justin alimkuta mzee wa Kihindi mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri na kitambi cha heshima, anakunja shati lake kwa uangalifu kama mtu aliyewahi kuuza nguo.

"Wewe unatoka wapi?" mzee aliuliza kwa Kiingereza.

"Tanzania."

Mikono ya mzee ikasimama. "Tanzania ya wapi?" Mara hii aliuliza kwa Kiswahili.

Justin alipigwa na butwaa, lakini malezi yakamtangulia. "Shikamoo, mzee."

Mzee alikaa kwenye benchi na shati lake mapajani.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Unajua, hili neno sijapewa tangu nina nywele nyeusi. Waliokuwa wananipa walikuwa watoto wa mtaani kwetu, Tabora."

Aliitwa Sunil. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Tabora, na Sunil alizaliwa chumba cha nyuma ya duka hilo. Waliondoka mwanzoni mwa miaka ya sabini, yeye akiwa kijana, na hapa London akasomea upimaji wa macho, akafanya kazi hiyo Harrow mpaka akastaafu. Mkewe, Alka, alikuwa amefariki. Alikuwa akiishi Stanmore na binti yake wa pekee, Nishma, na mkwewe.

"Na binti anajua unakuja kuvua shati?"

"Anajua nakuja darasa la kuchora. Anafikiri mimi ndiye nachora." Akacheka hadi mabega yakatikisika. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Toka Alka aondoke, Justin, hakuna mtu ameniangalia zaidi ya dakika moja. Wananiuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa. Hapa wananiangalia asubuhi nzima kama vile mimi ni jumba la Bunge."

Pozi lenyewe lilikuwa hivi. Kwa michoro mirefu, mzee Sunil alikaa juu ya kiti kirefu kilichofichwa nyuma, kifua chake kikiegemea bega la Justin, mikono ikimzunguka shingoni. Lakini kila Jumamosi walianza na michoro ya haraka, na hapo Thérèse alitaka uzito wa kweli. Alisema mguu unaobeba haujui kuigiza. Basi Justin alichuchumaa, mzee akapanda mgongoni, Justin akainuka naye na kusimama hivyo mpaka aambiwe basi. Na kwa kuwa hakuna aliyewaelewa, walikuwa wakipiga soga kwa Kiswahili midomo ikitikisika kidogo tu.

"Mzee, una uzito wa kiroba cha mchele na nusu."

"Huo ni uzito wa chapati za binti yangu. Heshimu."

Wakati wa chai walikaa jikoni mwa ukumbi, mzee akifungua kopo la chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, alilokuja nalo, akimsimulia Justin kuhusu maembe ya Tabora na treni ya Kigoma. Justin naye alimsimulia jambo ambalo hakupenda kulisema: kwamba baba yake mzazi alifariki Muleba wakati yeye yuko hapa, vibali vyake havijakaa sawa, na maziko aliyaona kwenye simu, picha ikikwama kila mara. Mzee Sunil alimsogezea kopo. Na kuanzia siku hiyo aliacha kumwita Justin kwa jina, akawa anamwita mwanangu tu.

Darasa lilifungwa kwa ajili ya Krismasi. Lilipofunguliwa, ukumbi ukiwa wa baridi kiasi kwamba wanafunzi walichora na makoti yao, Justin alichuchumaa kama kawaida, mzee akapanda, naye akainuka. Alikuwa amejiandaa kwa uzito anaoujua. Akatumia nguvu nyingi kuliko zilizohitajika, wakayumba mbele, nusura waanguke jukwaani wote wawili.

"Umekuwa simba," mzee Sunil alisema sikioni mwake.

"Mzee ndiye umepungua."

"Sisi Krismasi hatuli bata mzinga. Simama wima, wanachora."

Justin alisimama wima. Lakini mgongo wake ulikuwa umeshaambiwa kitu. Mtu anayebeba mizigo kila siku hahitaji mizani. Jumamosi iliyofuata mzee alikuwa mwepesi zaidi, na iliyofuata zaidi ya hapo. Mifupa ya mapaja, ambayo zamani hakuisikia kabisa, sasa ilikuwa inamchoma mbavuni. Kopo la chevda liliendelea kuja, ila aliyekula alikuwa Justin peke yake. Kaptura ya mzee ilifungwa kwa pini nyuma.

Wachoraji nao waliona, ila waliona kwa jicho lao. Eddie, mstaafu mmoja aliyekuwa mwanafunzi hodari kuliko wote, alirudi nyuma hatua chache kutoka kwenye karatasi yake na kusema, kwa furaha kabisa, kwamba mzee anazidi kuwa mzuri kila wiki.

"Kweli," Thérèse alisema. Akakaribia, akaonyesha kwa chaki bila kugusa. "Tazameni mfupa wa bega unavyojitokeza sasa, na hapa chini ya mbavu, kivuli. Mabwana wa zamani waliwatafuta wazee wa namna hii. Mwanzoni alikuwa mnene mno kuwa Ankise."

Hawakuwa watu wabaya. Thérèse ndiye aliyekuwa akimletea mzee blanketi kila mapumziko. Walikuwa wanaangalia kwa bidii sana, na kile walichokiangalia walikiita kivuli. Justin alihisi hasira inampanda shingoni, hasira isiyo na pa kwenda, na mzee Sunil, aliyeisikia ikija chini ya mikono yake, alimpigapiga kifuani taratibu kama anavyotulizwa ng'ombe.

Jioni hiyo Justin alimweleza Generosa. Yeye wazee ndio kazi yake, akamuuliza maswali kama daktari. Anakula? Analala mchana? Anajikuna? Kisha akauliza, "Na macho yake? Meupe, au yana umanjano?"

"Sijaangalia."

"Angalia. Mpeleke dirishani, kwenye mwanga."

Jumamosi iliyofuata Justin alimwita mzee dirishani kwa kisingizio cha kumwonyesha mbweha aliyekuwa akipita makaburini nyuma ya kanisa. Mzee akageuka kwenye mwanga. Weupe wa macho ulikuwa na umanjano wa chai ya rangi iliyopoa. Yeye mwenyewe alikuwa ametumia maisha yake yote kutazama macho ya watu, akaelewa mara moja kinachotafutwa.

"Hakuna mbweha," alisema.

"Hakuna, mzee."

Wakaenda jikoni. Mzee Sunil akaweka maji ya chai, akatafuta vikombe, akavifuta ingawa vilikuwa safi.

"Ni kansa ya kile kidude cha nyuma ya tumbo," alisema. "Kiswahili chake sikijui."

"Hata mimi sikijui." Baadaye Generosa ndiye aliyemwambia kwamba kinaitwa kongosho.

"Waliniambia kabla hata sijakutana na wewe. Dawa ipo, itaniongezea majuma kadhaa na kunitapisha majuma hayo hayo. Nikasema asanteni."

"Na Nishma?"

Hapo ndipo uso wa mzee ulipobadilika. Alimshika Justin kifundo cha mkono, na vidole vile vilikuwa bado na nguvu ya ajabu. "Nishma ana mimba. Kabla ya hii alizipoteza mbili, mwanangu. Mbili. Ya pili tulikuwa tumeshanunua kitanda. Hii imefika mbali, mtoto anapiga mateke, na daktari amesema asipewe mshtuko. Anajifungua Mei. Akijifungua nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Mzee, utafika Mei?"

Mzee Sunil akaweka sukari kwenye chai, akakoroga kwa muda mrefu. "Niahidi hutasema," alisema.

Justin alitaka kusema hapana. Alikuwa na hoja zote kichwani, kwamba binti ana haki yake, kwamba mambo kama haya hayafichiki. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mzee wa kumpa shikamoo, anamwomba, na mkono wake haumwachii. Akaahidi.

Usiku alimweleza Generosa, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayakai kifuani mwa mtu mmoja. Alitegemea amwambie la kufanya. Generosa alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Ukisema, na mimba ikitoka, utajilaumu," alisema. "Usiposema, na mzee akaondoka ghafla, utajilaumu. Mimi nawaona wanaokufa kila wiki, na sijui nikuambie nini, Baba Nancy."

Kwa hiyo alifanya yale aliyoweza, nayo yalikuwa madogo. Alimnunulia mzee soksi nene. Alimwomba Thérèse aache michoro ya haraka, akidai mgongo unamuuma, lakini mzee Sunil alikataa. Alisema kama hatabebwa hatakuja, na kama hatakuja atakaa nyumbani akitazamana na ukuta. Na kila darasa lilipokwisha, Justin alipanda naye treni mpaka mwisho wa reli, Stanmore, na kumfikisha mlangoni.

Moja ya siku hizo mlango ulifunguliwa kabla hawajaufikia. Nishma alikuwa mwanamke wa makamo, uso ni wa baba yake kabisa, tumbo limejaa chini ya sweta la mumewe. Aliongea kwa Kiingereza, haraka, kwa ukarimu. Basi wewe ndiye Justin! Baba anakusema kila siku. Alimwingiza mzee ndani, akamvua koti, kisha akarudi kizingitini na kuvuta mlango nyuma yake.

"Amepungua, au macho yangu?" aliuliza. "Ananiambia ni yoga. Ananiambia Wahindi wa zamani wote hupungua uzeeni. Nyie mnakaa pamoja asubuhi nzima, wewe unamwonaje?"

Ndani, kupitia mwanya wa mlango, Justin aliweza kumwona mzee Sunil amekaa ngazini akivua viatu, uso ameuinua, anasubiri jibu kama binti yake. Justin akaangalia tumbo la Nishma. Kitu kilitembea ndani yake, chini ya sufu, wazi kabisa, na Nishma akaweka mkono pale bila kujijua.

"Anajitahidi," Justin alisema.

Nishma alishusha pumzi, akatabasamu, akamshukuru. Justin alitembea kurudi stesheni akiwa na ladha mbaya mdomoni.

Machi ilikuja na mvua. Asubuhi hiyo mzee alichelewa, na alipopanda mgongoni Justin aliinuka kama mtu anayevaa koti. Wachoraji wakaanza. Mzee alikuwa anasema jambo kuhusu paa la duka lao, mvua ilivyokuwa ikilipiga mpaka wateja wanazungumza kwa ishara, kisha katikati ya neno akanyamaza. Mikono iliyokuwa shingoni mwa Justin ikafunguka. Kichwa kikaanguka begani kwake, kizito mara moja kuliko mwili wote.

"Mzee?"

Kuna waliochora sekunde chache zaidi, wakidhani ni sehemu ya pozi. Justin alipiga magoti, akamlaza chini, akapiga kelele waite gari la wagonjwa.

Mhudumu aliyekuja alikuwa kijana mpole. Alipiga magoti upande wa pili, akafunga mashine mkononi mwa mzee, ambaye alikuwa amefumbua macho lakini hayatulii. Akauliza maswali kwa utaratibu. Ana umri gani? Anatumia dawa gani? Ana ugonjwa wowote unaojulikana?

Kati ya wachoraji hapakuwa na anayejua. Thérèse alitikisa kichwa, chaki bado mkononi. Mzee Sunil alimtazama Justin. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini neno lilitoka, dogo, kwa Kiswahili.

"Mei."

Justin akamwambia yule mhudumu kila kitu. Hakujua kama anafanya sawa. Alijua tu kwamba mtu aliyekuwa sakafuni ana baridi, na anayeulizwa ni yeye. Alipomaliza, mzee alikuwa ameyafumba macho.

"Umesema," mzee alinong'ona.

"Nimesema, mzee. Nisamehe."

Machela ikainuliwa.

Hospitalini, muuguzi wa mapokezi alimuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa. Justin akasema rafiki. Akaambiwa kwa upole kwamba ndani ni ndugu tu. Akakaa kwenye viti vya korido, suruali ya mazoezi imevaliwa juu ya kitambaa cha Enea, magotini bado ana vumbi la chaki. Baada ya muda milango ilifunguka na Nishma akaingia na mumewe. Alikuwa akitembea kwa haraka kadiri tumbo lilivyomruhusu, mikono miwili imelishika kwa chini. Alipita mbele ya Justin bila kumwona. Kwenye kaunta daktari alimtoa pembeni. Justin hakusikia lililosemwa. Alimwona tu Nishma akitafuta ukuta kwa kiganja, akiupata, na mumewe akimkalisha.

Akangoja pale mpaka zamu ya wauguzi ikabadilika, akisikiliza kila kelele. Hakuna aliyekuja kumwambia lolote, na hakuwa na haki ya kuuliza.

Mzee Sunil alifariki mwezi huo huo. Hakurudi kwenye fahamu kamili, kwa hiyo lile alilotaka kumwambia binti yake kwa mdomo wake hakulisema. Habari ilimfikia Justin kupitia Thérèse, pamoja na ujumbe kwamba familia inapokea watu nyumbani, na kwamba Nishma amesema Justin aje.

Alikwenda na Generosa. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Aliyewapokea alikuwa bibi mwembamba aliyevaa sari nyeupe, Daksha, dada mkubwa wa marehemu, aliyetoka Leicester.

"Karibuni, karibuni ndani," alisema kwa Kiswahili. "Wewe ndiye kijana wa Jumamosi. Alinipigia simu akaniambia, Daksha, nimepata mtu wa kuongea naye kama nyumbani."

"Poleni sana, mama," Generosa alisema.

Nishma alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kwenye kiti cha mito, miguu juu ya stuli. Mtoto bado alikuwa tumboni, mzima. Aliomba aachwe na Justin.

"Daktari aliniambia kwamba habari ya ugonjwa waliipata kwa rafiki," alianza. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Ulisimama kwenye kizingiti changu."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo. Uliniuliza."

Alingoja, labda maelezo, na Justin alikuwa nayo. Angeweza kusema kuhusu ahadi, kuhusu mimba mbili, kuhusu mkono uliomshika kifundoni. Lakini aliona kwamba yote hayo Nishma ameshayajua au ameshayakisia, na hayakuwa yamemsaidia.

"Ningelala chumbani kwake," Nishma alisema. "Ningemkanda miguu. Nilikuwa namgombeza kwa kutomaliza chakula." Alilia bila kufunika uso. Justin alisimama katikati ya zulia, mikono yake mikubwa ikining'inia, hana pa kuiweka.

Alipotulia, alionyesha bahasha kubwa ya karatasi ngumu iliyoegemea ukuta. Thérèse na wanafunzi walikuwa wameleta michoro yote.

"Siwezi kuifungua," alisema. "Nichagulie mmoja ambamo bado ni mzima. Wa mwanzoni. Nitautundika huo."

Justin alipiga magoti, akaipanga sakafuni. Hakuna tarehe zilizoandikwa, lakini hakuzihitaji. Aliweka kila karatasi mahali pake kwa kutazama mbavu, bega, shavu. Huu ni wa karibu na mwisho. Huu ni wa baada ya Krismasi. Akaenda hivyo nyuma, akifuata nyama ikirudi kidogo kidogo mwilini mwa yule mzee wa chaki nyekundu, mpaka akafika kwenye mchoro wa Eddie wa Jumamosi ya kwanza kabisa: kitambi, mashavu, mzee anacheka juu ya bega lake. Akauinua kumpa Nishma. Kisha akautazama vizuri. Ngozi ya chini ya taya ilikuwa imelegea tayari. Eddie, ambaye hakuwa anajua anachochora, alikuwa ameichora kwa uaminifu. Hata siku ile ugonjwa ulikuwemo. Yeye Justin hakuwahi kumwona mzee Sunil akiwa mzima, wala mtu mwingine yeyote ukumbini mle.

"Umepata?" Nishma aliuliza.

Justin aliurudisha mchoro ule chini, akatafuta tena. Kwenye karatasi moja Gurpreet, ambaye miili ilikuwa ikimshinda, alikuwa amechora mkono tu, mkono wa mzee umeshika bega, ameurudia mara kadhaa kwa ukubwa tofauti, na pete yake ya ndoa. Akampa huo.

Nishma aliutazama kwa muda mrefu. Aliulaza juu ya tumbo lake, akageuza uso dirishani, na Justin akaelewa kwamba anatakiwa atoke.

Mlangoni, Daksha aliwafungia chakula kwenye mfuko, akawaambia wasikae mbali. Mei ilipofika Justin alituma ujumbe wa kuulizia, naye mume wa Nishma akajibu kwamba ni msichana na wote wawili wako salama. Aliandika hivyo tu. Thérèse alimwita tena darasani, safari hii kwa somo la Prometheo, yule aliyefungwa kwenye mwamba, pozi la kulala chali. Justin alimwambia atafikiria.